Namba Nilizoandika Ndani ya Mfuniko

Namba zilizoandikwa ndani ya mfuniko wa kompyuta ile zilikuwa za uongo, na mwandiko ulikuwa wangu. Kwenye diski ya mashine hiyo, ambayo ilikuwa imelala kwa zaidi ya miaka ishirini, kulikuwa na orodha pekee ya watu waliozikwa katika makaburi ya kambi moja ya wakata miwa, kusini mwa Moshi. Mwanamke aliyekuwa akiitafuta orodha hiyo alikuwa ameketi mbele ya meza yangu, mkoba magotini, akiniangalia kama mtu anavyomwangalia daktari aliyeshika karatasi ya majibu.

Nawaandikia ninyi mnaojifunza ufundi wa kompyuta, mnaofungua mashine kwa bisibisi ya umeme na kuijaza kila kitu kwa flashi moja. Naitwa Rukia. Nimezaliwa Majengo hapa Moshi, nimestaafu hapahapa Majengo, na katikati nimefungua mashine nyingi kuliko masufuria niliyopakua. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akisema hivyo, na hakuwa akinisifu. Sitawapangia habari zangu mwaka kwa mwaka. Nataka kuwaeleza kosa moja, jinsi lilivyonirudia wiki hii, na namna ya kuifunga diski iliyozaliwa kabla yenu, maana siku moja mtaletewa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Aminieli, fundi redio wa Kwa Sadala aliyehamia kwenye kompyuta zilipoanza kuingia mjini. Sote tulimwita Meku, kama Wachagga wanavyowaita wazee wao. Kila asubuhi alikuja na kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage, kwenye kopo la plastiki. Alikula kwa mkono, akanawa mara mbili, ndipo akagusa mashine. Ukigusa diski kabla hujanawa, alikutuma ukafagie uani mpaka mchana.

Swali lake la kwanza kwa kila kazi lilikuwa moja: "Namba moja iko wapi?"

Diski za wakati ule zilifungwa kwa waya bapa, mpana kama mkanda wa gauni, na ukingo wake mmoja ulikuwa na mstari mwekundu. Mstari huo ndio upande wa pini namba moja. Lazima uitafute namba moja kwenye diski, uitafute kwenye bodi, ndipo uchomeke. Wiki yangu ya pili niliugeuza. Mashine ikakaa kimya, taa ya diski ikawaka bila kuzima.

"Meku, imekufa," nikasema.

Alichungulia. "Haijafa. Umeivalisha suruali, mbele nyuma. Wewe ungetembea?"

Mafundi wote wakacheka. Tangu siku hiyo nikawa Rukia wa Suruali, jina lililonifuata hadi nilipopata mtoto wa kwanza.

Jambo la pili alilosisitiza ni namba za diski. Leo ukichomeka diski, mashine inaiuliza na diski inajieleza yenyewe. Zile za zamani hazikujieleza. Wewe fundi uliingia kwenye ukurasa wa setapu, ukaiambia mashine diski hii ina silinda ngapi, vichwa vingapi na sekta ngapi. Mashine ilizishika namba hizo katika kumbukumbu ndogo iliyotegemea betri, na betri ikiisha, inasahau kila kitu. Kwa hiyo Meku alitutaka tuandike namba hizo kwa penseli ya nta ndani ya mfuniko wa kila mashine.

"Betri itakufa," alisema. "Na wewe utakufa. Mfuniko utabaki."

Alikuwa na tabia ya kufungua mifuniko bila taarifa kukagua kama tumeandika. Nilimwogopa kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwogopa mwalimu yeyote.

Sasa sikilizeni nilivyofanya.

Gari la shamba la miwa lilikuja asubuhi na kompyuta ya ofisi ya kambi, tuiwekee diski mpya, liondoke nayo saa sita. Meku alikuwa amekwenda msibani. Diski ilikuwa na lebo safi: vichwa vitano, sekta kumi na saba, silinda zaidi ya mia tisa. Lakini setapu ya mashine ile haikuwa na mahali pa kuandika namba zako mwenyewe. Ilikuwa na orodha ya aina za diski tu, uchague. Nikaipitia orodha yote mara mbili. Aina yenye vichwa vitano na namba zinazolingana na zangu haikuwamo. Dereva alikuwa mlangoni akigonga funguo kwenye paja lake.

Nikachagua aina nyingine, ndogo, yenye vichwa vinne. Mashine ikaikubali. Nikaifomati, ikawaka vizuri, ila nusu ya diski haikuonekana kabisa, kana kwamba haikuwamo. Nilijua Meku angesema niwaambie wenyewe, au niizuie mashine mpaka arudi. Nilijua pia angesema mbele ya watu. Basi nikachukua penseli ya nta, nikaandika ndani ya mfuniko namba za kwenye lebo: vichwa vitano. Siku Meku akiifungua, ataona jibu alilolitarajia. Nikajiambia nitakwenda kambini Jumamosi kurekebisha.

Sikwenda Jumamosi hiyo wala nyingine yoyote. Meku alifariki akiniamini.

Jumatatu ya wiki hii alikuja Atupele. Ni mwalimu wa shule ya msingi kule Mkuu, Rombo, ila alizaliwa kwenye kambi hiyo ya miwa. Baba yake alitoka Tukuyu kuja kukata miwa, akafariki Atupele akiwa darasa la pili, akazikwa kambini. Mama yake alirudi Tukuyu na watoto, na leo hakumbuki tena ni kaburi lipi. Misalaba ya makaburi ilikuwa ya mbao, mchwa na moto wa mashamba vikaimaliza. Mwezi huu limetoka tangazo kwamba mfereji wa maji utapanuliwa na utapita kwenye makaburi hayo. Ijumaa saa tatu asubuhi yataanza kuhamishwa. Mwenye kulionyesha kaburi la ndugu yake atakabidhiwa mabaki yake. Wasio na wa kuwaonyesha watawekwa wote katika kaburi moja la pamoja.

"Shikamoo mama," alisema mlangoni, nyuma yake mwendesha bajaji akiwa amebeba gunia.

"Marahaba. Karibu. Hilo gunia la mpunga?"

"Kompyuta, mama. Naomba usiniambie ni ya kutupa. Nimeshaambiwa mara mbili."

Nilipoifungua, majivu meusi ya miwa yalimwagika mezani. Betri ilikuwa imevuja, maji yake yameila bodi mpaka imekuwa ya kijani. Na ndani ya mfuniko ulikuwa mwandiko wangu, haujafifia hata kidogo.

Atupele alieleza kwamba karani wa kambi, marehemu sasa, alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na wazee wa kambi walikuwa wakisimulia kwamba hata makaburi aliyaingiza kwenye mashine hiyo. Daftari lake liliungua, mashine ikabaki stoo ya kambi. Atupele alikuwa ameipeleka kwa kijana mmoja wa duka la kompyuta mjini. Kwanza kijana alijaribu kile kidude chenu cha USB, hakikuitambua diski, maana diski za umri ule hazielewi lugha yake. Ndipo akaichomeka kwenye mashine kuukuu, akatumia namba za mfuniko.

"Akaona herufi zimemwagika tu," alisema Atupele. "Akaniambia, 'Mama, humu mna takataka tupu. Tuifomati uitumie kwa kazi nyingine?' Nikamnyang'anya."

Atupele akaweka kidole juu ya mwandiko. "Kwani hizi namba si sahihi?"

Ningeweza kusema diski imezeeka. Asingejua kamwe.

"Si sahihi," nikasema. "Niliziandika mimi, na nilijua si zenyewe."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kugombezwa."

"Mimi ni mwalimu, mama. Mtoto akiniandikia jibu la uongo, nampa daftari aandike upya."

"Ndicho kilichobaki."

"Baba yangu yumo humo." Akaisogeza mashine upande wangu. "Basi ogopa, lakini fungua."

Nisingeweza kukumbuka aina niliyochagua miaka ile yote iliyopita, na orodha ya aina hizo ilikufa na bodi. Usiku sikulala vizuri. Si kwamba sikuwa na njia. Njia nilikuwa nayo, na kila hatua yake ilikuwa na mahali pa kuharibikiwa.

Asubuhi ya Jumanne tulianza. Zingatieni mpangilio, maana hofu inataka mpangilio.

Niliitoa mashine yangu ya zamani, ambayo setapu yake inakubali namba za kuandika mwenyewe. Niliondoa diski yake ili ile ya kambi iwe peke yake. Nyuma ya diski hizi kuna pini ndogo, na kijipande cha plastiki tunachokiita jampa ndicho kinachoamua diski itakuwa ya kwanza au ya pili kwenye waya mmoja. Za zamani hazipatani na wenzao. Ifunge peke yake, na jampa ikae mahali pa kuwa peke yake. Mstari mwekundu kwenye namba moja. Niliutazama mara tatu, nikamwomba Atupele naye autazame. Umeme wa mashine niliuchukua kwenye betri ya gari kupitia inveta, kwa sababu umeme wa Majengo una desturi zake.

Nikawasha. Diski ikatoa mlio mmoja mfupi, tk, ikanyamaza.

"Ndiyo hivyo inavyofanya?" Atupele aliuliza.

"Hapana."

Vichwa vya diski hizi hulala juu ya sahani zenyewe zinapozimwa. Vikilala miaka mingi, vinaganda, na hata vikiachia mara moja, kama kwa yule kijana wa duka, vinaweza kuganda tena. Dawa ni kuizima, kuishika diski bapa kiganjani, na kuizungusha kwa kifundo cha mkono ghafla, kama mtu anayefungua kifuniko cha ndoo kilichokwama. Ukizungusha kidogo haiachii. Ukizidisha, unang'oa kichwa, na hapo hakuna fundi Moshi wala popote atakayekusaidia. Nilifanya mara ya kwanza, nikawasha: tk. Mara ya pili: tk. Atupele alikuwa amegeukia ukutani, midomo ikisali.

Mara ya tatu ikazunguka. Ilianza chini, kama mtu anayeguna, ikapanda hadi mlio mwembamba usiokatika. Nikajua sitaizima tena mpaka tumalize, maana huenda isiwake tena.

Sasa njia yenyewe. Fikirieni diski kama jengo refu ambalo vyumba vyake vimehesabiwa. Aliyepanga vitu alihesabu vyumba vinne kila ghorofa. Ukija ukahesabu vitano, ghorofa ya kwanza utaanza sawa, halafu kuanzia hapo unaingia vyumba vya watu wengine. Ndiyo maana kijana yule aliona herufi zilizomwagika. Lakini chumba namba moja hakihami. Hata ukidanganya namba zote, sekta ya kwanza iko palepale. Na programu ya kufomati ya zamani ilikuwa na uungwana mmoja: hapo mwanzoni kabisa ilijiandikia yenyewe ilitumia vichwa vingapi na sekta ngapi.

Nina kopo la maziwa ya unga lililojaa flopi za Meku, zile diski nyembamba za plastiki za kuchomeka na kuchomoa. Nikachagua ile ya kuwashia yenye programu ya kusoma sekta moja moja. Nayo ingeweza kuwa imeoza. Ikasaga, ikasita, ikaingia. Nikasoma mwanzo wa diski, safu za namba zikajaa kwenye kioo. Nikashuka kwa kidole mpaka mahali pa vichwa.

Nne.

Nililitazama kosa langu usoni, limehifadhiwa vizuri kuliko picha za harusi yangu. Zile namba nyingine nazo zilikuwapo. Nikaziingiza kwenye setapu, nikaanzisha mashine upya kwa vitufe vitatu bila kukata umeme, diski ikiendelea kuzunguka. Nikaita orodha ya mafaili.

Yakajipanga yenyewe, majina kamili. ZAMU. MBEGU. KWAYA. MAKABURI. RAMANI.

"Mama Rukia," Atupele alinong'ona, kana kwamba sauti ingeiamsha. "Lile la nne."

Sikulifungua. Nililinakili kwanza kwenye flopi, kwa sababu kusoma mara moja ni bora kuliko kusoma mara mbili. Katikati mashine ikagoma, ikauliza: niache, nirudie au nipuuze? Nikabonyeza rudia. Ikagoma. Rudia. Mara ya tano ikapita. Tulipolifungua kutoka kwenye flopi, Atupele alipiga picha kila ukurasa kwa simu, mimi nikaandika kwa kalamu. Karani alikuwa ameyagawa makaburi katika safu tatu: Safu ya Barabara, Safu ya Kati na Safu ya Mgunga. Jina la baba yake lilikuwa Safu ya Kati, kaburi la tano.

Alilia kimya, kitambaa mdomoni. Nami nikalia, kwa sababu zangu.

Kisha nikajaribu RAMANI. Mashine iligoma mwanzoni kabisa. Rudia, rudia, rudia. Diski ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga mlango akiwa amechoka. Mlio mwembamba ukashuka. Nikaondoa mkono kwenye vitufe, lakini ilikuwa imeshaamua. Haijazunguka tena, na nimeizungusha kila namna ninayoijua.

Hapa ndipo hofu yangu ilipo hadi sasa. Mashine nyingi zikiwashwa na diski ndani huandika vitu vidogo bila kumwuliza mtu. Kijana wa duka aliiwasha kwa namba zangu za uongo. Kama mashine yake iliandika chochote, iliandika ndani ya chumba cha mtu mwingine, na huenda chumba hicho kilikuwa cha RAMANI. Au ni uzee tu. Sina njia ya kujua, na kijana huyo msimlaumu. Aliamini alichokikuta kimeandikwa.

Tulikwenda makaburini mchana huohuo. Safu ya Kati inaonekana bado, vituta kumi na vitano vyenye mawe, kutoka upande wa mlimani kwenda upande wa kiwanda cha sukari. Atupele alihesabu kwa sauti kutoka mlimani, moja, mbili, tatu, nne, tano, akapiga magoti. Mimi nilibaki nimesimama, maana nilikuwa nimesikia sauti ya Meku sikioni.

"Atupele," nikasema. "Namba moja iko wapi?"

Alinyanyua uso. "Si hapa?"

"Karani ameandika hivyo?"

Tukaisoma orodha upya kwenye simu, juani, kila mstari. Hakuandika. Kambini kila mtu alijua, kwa hiyo hakuona sababu ya kuandika. Ukianza mlimani, baba yake ni kituta kile alichopigia magoti. Ukianza kiwandani, ni cha kumi na moja kutoka mlimani.

Tukamtafuta mtu yeyote wa zamani aliyebaki kambini. Tulimpata bibi mmoja tu, mzima wa akili, anayelijua kaburi la mumewe katika safu hiyo bila kubabaika, kwa sababu alilipandia yungiyungi na bado linaota. Tulifurahi. Tukimpata mmoja katika orodha, tutajua hesabu inaanzia wapi. Alituongoza kwa fimbo yake hadi kwenye kituta. Nikaangalia orodha: mumewe ni namba nane. Tukahesabu kutoka mlimani: nane. Tukahesabu kutoka kiwandani: nane. Yuko katikati kabisa.

"Mbona mnahesabu tena?" bibi akauliza. "Si ndiye huyu huyu?"

Leo ninapoandika ni Jumatano. Nimewapigia simu mafundi wawili wa rika langu, kama kuna mwenye diski ya aina ileile atuazime bodi yake ya chini, tujaribu mara ya mwisho kuizungusha ile ya kambi na kuisoma RAMANI. Mmoja amesema ataangalia stoo. Kule kambini kuna vigingi viwili vyenye kitambaa chekundu, kimoja kwenye kituta cha tano na kimoja kwenye cha kumi na moja. Msimamizi wa kazi amesema familia moja itakabidhiwa kaburi moja. Mama yake Atupele yuko kwenye basi tangu alfajiri, anatoka Tukuyu na sanda mpya, na bado hajaambiwa kwamba vigingi ni viwili.